Ni Nani Aliyeandika Masomo ya Mhandisi Ujenzi?

Kijana anayeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya uhandisi ujenzi, awe Dar es Salaam, Nairobi, Muscat, Leeds au Houston, hukabidhiwa ratiba inayofanana mno na ya wenzake wa nchi nyingine. Hisabati ndiyo hutangulia, ikiandamana na fizikia, mekanika na uchoraji wa kihandisi. Mwaka wa pili huja uimara wa vifaa, upimaji wa ardhi na elimu ya mwendo wa maji. Baadaye hufuata udongo, zege, chuma na barabara, na mwaka wa mwisho mwanafunzi husanifu mradi wake mwenyewe na kuutetea mbele ya walimu.

Wengi huipokea ratiba hiyo kana kwamba ilijengwa pamoja na kuta za chuo. Hata wazazi, ambao aghalabu ndio wanaolipa ada, ni nadra kuuliza kwa nini mtoto anayetaka kujenga madaraja hufungiwa na hesabu miaka miwili kabla ya kuaminiwa kusanifu hata kalvati. Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 250. Limewagombanisha maprofesa na mafundi, na zaidi ya mara moja limejibiwa kwa misiba.

Kujenga, msikilizaji, ni kazi kongwe kuliko vyuo. Waashi waliosimamisha matao na kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawakuwa na shahada, na wala hawakuwa nayo wale wa Cairo au Roma. Fundi alimfunza mwanagenzi, mwanagenzi akawa fundi, na kosa lilionekana kwa macho: ukuta ukipasuka ulibomolewa, ukajengwa tena mnene zaidi. Utaratibu huo ulitosha maadamu daraja la leo lilifanana na la jana. Ulipofika wakati wa kujenga kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kukiona, macho hayakutosha tena.

Shule isiyo na walimu

Historia ya masomo haya inaanzia Ufaransa. Mwaka 1716 nchi hiyo iliunda kikosi cha wahandisi wa madaraja na barabara, wote wakiwa watumishi wa mfalme. Mwaka 1747 Daniel-Charles Trudaine, ofisa aliyesimamia kazi hizo, alimkabidhi Jean-Rodolphe Perronet ofisi ya wachoraji mjini Paris, pamoja na jukumu la kuwafundisha vijana waliokuwa humo. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa École des Ponts et Chaussées, yaani Shule ya Madaraja na Barabara, ambayo ingali inafundisha hadi leo.

La kushangaza ni kwamba mwanzoni shule hiyo haikuwa na walimu wake. Waliokuwa mbele katika jiometria na aljebra waliwafundisha wenzao, na kwa masomo mengine wanafunzi walitumwa kusikiliza mihadhara ya wataalamu mjini. Daraja za ufaulu zilipatikana kwa mashindano ya kusanifu, na majira ya ujenzi yalipowadia vijana walitawanywa mikoani, kwenye kazi zenyewe. Perronet aliiongoza shule hiyo hadi kufa kwake mwaka 1794, karibu nusu karne.

Alichokuwa akikifundisha kilionekana Neuilly, karibu na Paris. Kwa karne nyingi wajenzi wa madaraja ya mawe walizifanya nguzo za mtoni kuwa nene, kiasi cha moja ya tano ya upana wa tao, ili kila nguzo iweze kusimama peke yake. Perronet aliona kwamba matao yote yakijengwa na kuachiliwa kwa pamoja, msukumo wa tao moja hupokewa na tao linalofuata, na hilo na jingine, hadi ukingoni mwa mto. Nguzo ya katikati basi haihitaji unene huo. Daraja lake la Neuilly lilikuwa na matao matano, kila moja likiwa na upana wa mita zipatazo 39, juu ya nguzo zenye unene wa mita 4 na ushei tu. Mwaka 1772 fremu za mbao zilizoyabeba matao hayo ziliondolewa mbele ya Mfalme Louis wa 15, na daraja likasimama.

Wembamba ule haukutokana na mazoea ya mikono. Ulitokana na hoja iliyoandikwa karatasini, na ulikuwa na bei yake: katika daraja la aina hiyo tao moja likianguka, yote yamo hatarini. Fundi wa kale aliweza kukosea kidogo na unene wa jiwe ukamfichia aibu. Mwenye hesabu hakuwa na nafasi hiyo.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliongeza ngazi nyingine. Mwaka 1794 ilianzishwa shule iliyopewa mwaka uliofuata jina la École Polytechnique, ambako mwanahisabati Gaspard Monge na wenzake walifundisha hisabati, mekanika, kemia na jiometria ya michoro kwa vijana wote waliotarajiwa kuwa wahandisi wa taifa. Baada ya hapo ndipo kijana aliruhusiwa kwenda kusomea madaraja, migodi au mizinga. Ile miaka ya mwanzo ya hesabu inayowatoa jasho wanafunzi wa leo imetokana na mpango huo: sayansi kwanza, fani baadaye.

Mwaka 1826: madaraja mawili

Matunda bora ya mpango huo yalikuwa Claude-Louis Navier. Alianza kufundisha mekanika katika Shule ya Madaraja mwaka 1819, na mwaka 1826 akachapisha mihadhara yake juu ya namna boriti inavyopinda na kuhimili uzito. Misingi ya nadharia hiyo ingali ikifundishwa. Mwanafunzi anayekokotoa boriti ya zege leo anapita katika njia iliyosafishwa na Navier, hata kama jina lake halimo katika daftari.

Mwaka huo huo wa 1826 Navier alikuwa akimalizia daraja la kuning'inia juu ya mto Seine, mbele ya jengo la Invalides. Alikuwa amekwenda Uingereza kuyachunguza madaraja ya minyororo, akarudi na kuyaandikia hesabu zilizowashinda Waingereza wenyewe. Mwezi Septemba, kabla daraja halijafunguliwa, bomba la maji lilipasuka karibu na misingi iliyoshikilia minyororo. Udongo ukalowa, mawe yakasogea. Kosa lingeweza kurekebishwa, lakini siasa za mji na kejeli za wapinzani zilishinda, na daraja likabomolewa. Waliowachukia wanahisabati walipata kicheko cha miaka mingi.

Ng'ambo ya bahari, mwaka ule ule, Thomas Telford alifungua daraja lake la minyororo katika mlango wa bahari wa Menai, huko Wales, lenye mita 176 kati ya mnara na mnara. Telford alikuwa mtoto wa mchungaji kondoo wa Uskoti aliyeanza kazi kama mwashi. Badala ya kuzitegemea hesabu za juu, alivuta vipande vya chuma hadi vikakatika, akapima, kisha akajiwekea akiba ya kutosha. Sakafu ya daraja lake iliharibiwa vibaya na dhoruba ya mwaka 1839 ikabidi ijengwe upya, lakini daraja lenyewe lipo na linapitika hadi leo.

Waingereza walijifunza somo walilolitaka: kwamba mhandisi hutengenezwa kazini. Taasisi yao ya wahandisi, iliyoanzishwa London mwaka 1818 na kuongozwa na Telford tangu mwaka 1820, haikudai shahada. Mzazi mwenye uwezo alimlipa mhandisi mashuhuri fedha nyingi ampokee kijana wake kama mwanagenzi. Mtoto wa maskini mwenye kipaji, kama Telford mwenyewe, alizidi kukosa pa kuingilia.

Ukweli ni kwamba Navier hakuangushwa na hesabu za minyororo. Kilichosogea ni ardhi, na elimu ya ardhi haikuwapo. Ilibidi kusubiri karibu miaka 100. Mwaka 1925 Karl Terzaghi, aliyekuwa akifundisha katika Robert College mjini Istanbul na kufanya majaribio kwa vifaa alivyojiundia kwa gharama ndogo, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi maji yaliyo katikati ya chembe za udongo yanavyobeba sehemu ya uzito, na jinsi jengo linavyodidimia taratibu kadiri maji hayo yanavyokamuliwa. Somo la mekanika ya udongo likaingia vyuoni baada ya hapo. Kwa hiyo somo linalomhusu kila mtu mwenye nyumba ni miongoni mwa yale machanga zaidi katika ratiba nzima.

Upepo wa Tay

Glasgow ilikuwa imefungua kiti cha profesa wa uhandisi mwaka 1840, na mwaka 1855 kikakaliwa na William John Macquorn Rankine. Huyu alitumia hotuba yake ya kwanza kupinga dhana kwamba nadharia na vitendo ni mahasimu. Alidai kuna elimu ya tatu iliyo baina ya hizo mbili: kujua ni kiasi gani cha sayansi kinatosha kwa uamuzi unaotakiwa leo, na kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Vitabu vyake vya mekanika na uhandisi ujenzi vilitumika vyuoni kwa miongo mingi. Hata hivyo wakubwa wa fani Uingereza waliendelea kuwaamini wanagenzi wao kuliko wasomi wake.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 daraja la reli la mto Tay, Uskoti, lilianguka katika dhoruba likiwa na treni juu yake. Hakuna abiria aliyenusurika. Idadi iliyotajwa wakati huo ilikuwa watu wapatao 75. Daraja lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, na Malkia Victoria alikuwa amemtunuku msanifu wake, Thomas Bouch, cheo cha heshima. Mbele ya tume ya uchunguzi Bouch alikiri kwamba hakuweka hesabu maalumu ya nguvu ya upepo. Tume ilisema daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na kutunzwa vibaya. Bouch, aliyekuwa ameingia fani hiyo akiwa na umri wa miaka 17 katika ofisi ya mhandisi, alifariki mwaka uliofuata.

Wafaransa na Wajerumani walishaanza kuuhesabu upepo. Baada ya Tay, Waingereza nao walianza, na daraja lililofuata kubwa la Uskoti, la mto Forth, lilijengwa kwa hofu ya upepo inayoonekana katika kila mguu wake. Taasisi ya London yenyewe iliweka mitihani mwishoni mwa karne ya 19.

Marekani ilichanganya njia zote mbili. Chuo cha kijeshi cha West Point kilipangwa upya kuanzia mwaka 1817 kwa mfano wa Paris, na huko Troy, jimbo la New York, taasisi ya Rensselaer ilitoa mwaka 1835 shahada za kwanza za uhandisi ujenzi katika nchi zinazotumia Kiingereza. Wahitimu walikuwa wanne. Miongoni mwa waliofuata alikuwa Washington Roebling, wa mwaka 1857, aliyejenga daraja la Brooklyn. Alipolemazwa na maradhi ya wafanyakazi wa chini ya maji, mkewe Emily alijifunza nyumbani hisabati, nguvu za vifaa na mkunjo wa nyaya, akawa kiungo kati ya mumewe na kazi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Emily alilijua somo hilo bila kupewa cheti chochote.

Quebec, saa 11 na nusu jioni

Lakini kama kuna tukio moja linalopaswa kusimuliwa kwa kila mwanafunzi wa fani hii, ni lile la Canada mwaka 1907, kwa sababu safari hii aliyekosea hakuwa fundi asiyesoma.

Daraja la Quebec juu ya mto St Lawrence lilikusudiwa kuwa na uwazi mrefu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Mshauri mkuu alikuwa Theodore Cooper wa New York, mhitimu wa Rensselaer, mmoja wa mabingwa wa madaraja ya chuma Marekani. Ni yeye aliyependekeza uwazi wa kati urefushwe kutoka futi 1,600 hadi 1,800, yaani kutoka mita 488 hadi 549 hivi. Daraja lilipoongezwa urefu, uzito wake ulipaswa kukokotolewa upya. Haukukokotolewa. Wasanifu wa kampuni ya Phoenix ya Pennsylvania waliendelea na makadirio ya awali, na ilipogundulika kwamba chuma kimezidi uzito uliokadiriwa, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutengenezwa na nyingine imekwisha kupandishwa. Cooper aliamua kwamba ziada hiyo inavumilika.

Alikuwa na umri wa miaka 68, afya yake si nzuri, na katika muda wote wa kupandisha chuma hakufika mtoni hata mara moja. Macho yake huko yalikuwa kijana Norman McLure, mhandisi aliyemaliza chuo miaka michache kabla. Mwezi Agosti McLure alianza kupima mambo yaliyomtia wasiwasi. Viungo vikubwa vya chini, vinavyobeba mgandamizo wa mkono mzima wa daraja, vilikuwa vikipinda. Kimoja kilikuwa kimepinda chini ya sentimita 2, na baada ya wiki mbili hivi kikafikia karibu sentimita 6. Wakubwa wa kiwandani walisema huenda vilipindika tangu mwanzo. McLure hakukubali. Alipanda treni kwenda New York kumweleza Cooper ana kwa ana.

Tarehe 29 Agosti, mchana, Cooper alimsikiliza, akaelewa mara moja. Alipeleka telegramu kampuni ya Phoenix, huko Pennsylvania, akitaka uzito usiongezwe darajani hadi jambo hilo lichunguzwe. Hakupeleka Quebec moja kwa moja. Waliopokea ujumbe waliamua kungoja McLure afike wazungumze. Huko mtoni kazi iliendelea, na zikiwa zimebaki dakika chache wafanyakazi washuke, muda mfupi baada ya saa 11 na nusu jioni, mkono wa kusini wa daraja, tani zipatazo 19,000 za chuma, ulianguka kwa sekunde zisizofika 20. Kati ya watu 86 waliokuwa juu, 75 walikufa. Waliokufa 33 walitoka katika jamii moja ya Wamohawk, wenyeji wa kijiji cha Kahnawake.

Tume ya kifalme iliwataja Cooper na Peter Szlapka, msanifu mkuu wa kampuni, kuwa waliokosea. Lakini iliongeza jambo zito zaidi: kwamba fani nzima haikuwa na elimu ya kutosha kuhusu tabia ya nguzo kubwa za chuma zikibanwa. Kanuni za vitabuni zilikuwa zimetokana na majaribio ya nguzo ndogo, na wahandisi walizinyoosha hadi mahali zisikofika. Nguzo nene inayoonekana imara kabisa inaweza kuponyoka ubavuni ikiwa vipande vyake havikufungwa pamoja ipasavyo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Suala la nguzo inayobanwa hadi ikapinda, ambalo wanafunzi hulilalamikia kuwa gumu na lisilo na maana, ndilo lililowazika watu 75.

Daraja lilisanifiwa upya likiwa zito zaidi. Mwaka 1916 kipande cha katikati kilianguka kikiinuliwa, kikaua watu 13. Lilikamilika mwaka 1917, na hadi sasa hakuna daraja la aina yake lenye uwazi mrefu zaidi. Treni zingali zinapita.

Mwaka 1922 profesa wa Toronto, Herbert Haultain, aliwataka wenzake wabuni kiapo kwa wahandisi wapya wa Canada, na mwandishi Rudyard Kipling akaombwa kuandika maneno yake. Tangu mwaka 1925 wahitimu huvishwa pete ya chuma katika kidole kidogo cha mkono wanaoandikia, ili iguse karatasi kila wanapochora. Watu husimulia kwamba pete za kwanza zilifuliwa kutokana na chuma cha daraja lililoanguka. Hadithi hiyo inapendeza, ila si kweli.

Koloni na fundi

Je, Afrika ya Mashariki iliingiaje katika habari hii? Kwa mlango wa nyuma, na kwa kuchelewa.

Dola ya Kiingereza, iliyodharau vyuo nyumbani, ilivihitaji ugenini. Mwaka 1847 chuo cha uhandisi ujenzi kilifunguliwa Roorkee, kaskazini mwa India, kwa sababu mfereji mkubwa wa mto Ganges ulihitaji watu wengi kuliko London ilivyoweza kuleta. Lakini madarasa yake yalipangwa kwa ngazi: darasa la wahandisi, la wasimamizi na la wasaidizi wao, na kwa muda mrefu rangi ya mtu ilisema mengi kuhusu ngazi atakayokalia. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 na vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka India, ilifuata mpango huo huo. Wahandisi walitoka Uingereza. Mwafrika, alipoajiriwa, alibeba. Baadaye akafundishwa uashi na useremala, akaitwa fundi, na hapo ukawa mwisho wa ngazi yake.

Masomo ya uhandisi ya ngazi ya juu yalikuja Nairobi mwaka 1956, Royal Technical College ilipopokea wanafunzi wa kwanza. Chuo hicho kiliunganishwa na mradi wa jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa wamechanga fedha kwa kumbukumbu ya Gandhi. Kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mtanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda kaskazini.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi yake ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wahandisi wawili waliofuzu. Wawili, kwa nchi iliyo kubwa kuliko Ufaransa na Uingereza zikiwekwa pamoja. Miaka kumi baadaye reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa ikijengwa na wataalamu kutoka China, na vijana wa Tanzania na Zambia wakapelekwa Beijing kusomea reli. Mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa na idara ya ujenzi, ya mitambo na ya umeme. Waasisi wake walisisitiza jambo ambalo Perronet angelikubali: mafunzo kwa vitendo, nje ya chuo, yalikuwa sehemu ya lazima ya shahada. Mwanafunzi wa Mlimani aliyetumwa kwenye kambi ya barabara mkoani alirudi akijua kokoto ina bei, mvua ina ratiba yake, na nyapara mwenye uzoefu wa miaka 20 hapendi kufundishwa kazi na mtoto.

Malengo yaandikwa mwisho

Kwa muda wote huo vyuo viliorodhesha masomo. Vilichokawia kuandika ni lengo lake. Marekani ndiyo mfano ulio wazi. Ripoti ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Linton Grinter ilivisukuma vyuo kwenye sayansi zaidi, na karakana na michoro vikapunguzwa. Waajiri wakaanza kunung'unika kwamba wahitimu wanajua milinganyo lakini hawajui jinsi bolti inavyofika mahali pake.

Manung'uniko hayo yalipata uzito tarehe 17 Julai 1981, njia za juu ndani ya hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City zilipoanguka na kuua watu 114. Fimbo moja ndefu iliyokusudiwa kubeba sakafu mbili ilikuwa imebadilishwa kuwa fimbo mbili fupi, ili iwe rahisi kuifunga. Badiliko hilo liliongeza maradufu mzigo kwenye kiungo cha sakafu ya juu, na hakuna aliyelikokotoa. Hesabu yenyewe ni ya mwaka wa pili. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri, na kisa hicho kikawa somo la kawaida katika madarasa ya maadili, ambayo kabla ya hapo vyuo vingi havikuwa nayo.

Mwaka 1989 taasisi za nchi 6 zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kutambua shahada za wenzao kwa mapatano yaitwayo Washington Accord. Mwaka 1997 bodi ya ithibati ya Marekani, ABET, ilipitisha vigezo vipya ambavyo badala ya kuhesabu saa za darasani viliuliza mhitimu anaweza kufanya nini: kusanifu akizingatia usalama na gharama, kufanya kazi na watu wa fani nyingine, kuandika na kueleweka, kutambua wajibu wake kwa umma. Wapo maprofesa wanaoyaona haya kuwa maneno ya ofisini. Hata hivyo ukiyasoma ukiwa na simu ile ya maandishi ya Cooper akilini, sharti la kuandika na kueleweka halionekani tena kama pambo.

Kwa wasikilizaji wenye ndugu Dar es Salaam na Nairobi mambo haya hayako mbali. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua wapatao 50. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako zaidi ya 20 walikufa. Kila mara mjadala hurudi kwenye vibali, rushwa na ukaguzi, na ni haki urudi huko, maana majengo mengi ya miji hii hujengwa bila mhandisi yeyote kuyatia mkono. Shahada haiwezi kumzuia mwenye nyumba anayeongeza ghorofa mbili usiku.

Inachoweza ni kumpa mtu mmoja elimu ya kusema hapana, na jina la kuiwekea saini. Nchini Tanzania jina hilo halitolewi siku ya mahafali. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango unaomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, akiandika kumbukumbu za kazi zake, ndipo aombe usajili kamili. Kijana huyo aliyekwisha kuzimaliza hesabu za Navier na nguzo za Quebec huanza tena upya, akiwa mwanagenzi.